Shamba la Mama kwenye Sinia

Malaria ilipomwachia mama yangu, ilimwacha na jambo jingine: hakuna chakula kilichompendeza. Nikamtoa kijijini Uchindile, nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Viwanja Sitini, nimnenepeshe. Nilipika perege, nikapika wali wa nazi, nikakaanga mpaka maini. Alimega tonge, akasema kinywa kichungu, akasukuma sahani. Ilinikera, na kusema kweli iliniogopesha. Nguo zilikuwa zikimning'inia kama zimeanikwa.

Muuza dawa za asili sokoni akaniuzia habati rashadi, vimbegu vidogo vya rangi ya kahawia ambavyo watu huvitafuna kama dawa. Akaniambia vikiota, majani yake yana ukali wa pilipili na yanaamsha ulimi. Nikaja navyo mbio, nikaviweka mezani, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta udongo mzuri.

Kurudi, vyote vimo ndani ya bakuli la maji! Mama ni mkulima wa mpunga. Kwake mbegu lazima ilowekwe kabla ya kusiwa. Ila mpunga ukilowekwa unabaki mpunga. Hivi vilikuwa vimevimba na kutoa ute, bakuli zima linavutika kama mlenda.

"Mama, umeziua!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeuziwa bamia."

Nikashika bakuli nikawamwagie kuku. Akanipokonya. Mbegu haitupwi kabla haijakataa kuota, alisema. Akachana kitenge kikuukuu, akakilowesha, akakitandaza kwenye sinia, kisha akaupaka ule ute kwa kijiko kama anayepaka siagi kwenye mkate. Nikamwacha. Ukimbishia mama yangu jambo la shamba, utasimuliwa ukoo mzima na mashamba yao.

Zikaota. Ute ulikuwa umezigandisha kwenye kitambaa, na muda si mrefu sinia likawa kijani. Mama akahamia nalo kibarazani, na fimbo yake, akiwafukuza kuku kama alivyozoea kuamia ndege kwenye mpunga. Kuku wangu walikoma. Alinyunyiza maji kwa vidole na kuisemesha mimea kwa lugha yetu ya Kindamba, mchana kutwa, huku chakula nilichompelekea kikipoa pembeni. Nilitamani kumkaripia, nikashindwa.

Siku aliyoona majani yanafaa, aliyakata mwenyewe kwa mkasi wa cherehani, akayatupia mabichi juu ya perege. Mimi nikajifanya nasugua sufuria. Akatafuna. Akapenga kamasi, akafuta macho, akatafuna tena. Akamega tonge, kisha jingine. Halafu akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue.

"Wewe! Huyu samaki umemsahau chumvi? Ndivyo nilivyokufundisha kupika?"

Sijawahi kufurahia kusemwa namna ile. Nilimpelekea chumvi huku machozi yananitiririka, na mimi hata jani moja sikuwa nimeonja.