Mwalimu Aliyepotewa na Hesabu

Nilipopewa gredi ya pili katika shule moja karibu na Kimulot, sikujua kwamba kumi na nne ni namba ngumu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi, nikidhani mtoto akishaonyeshwa safu ya makumi na safu ya mamoja ubaoni, mambo yamekwisha. Nikawaambia waandike kumi na nne. Karibu darasa zima likaandika 104. Nikafuta, nikaeleza upya, nikachora safu kubwa zaidi. Wakaandika 104.

Somo lile nililimaliza nikipaza sauti. Mwalimu wa gredi ya kwanza alinisikia kupitia ukuta wa mbao. Alikuwa mama mtu mzima, Mkipsigis wa hapo hapo, ambaye alikuwa amewafundisha wazazi wa nusu ya wale watoto. Wanafunzi walimwita Kogo, yaani nyanya, na sisi walimu tukamwita hivyo hivyo. Alingoja watoto watoke kwenda kunywa uji, kisha akaingia.

"Hawajakosea," akaniambia. "Umesema kumi, wameandika kumi. Umesema na nne, wakaongeza nne. Wewe ndio hujawaonyesha hiyo kumi inakaa wapi."

Kesho yake alituchukua, mimi na darasa langu, hadi shamba la jirani ambako chai ilikuwa imetoka kukatwa chini. Tukaokota vijiti, tukarudi navyo viganja vikiwa vimeganda kwa baridi, tukavifunga kumi kumi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Aliyetaka kumi na nne alichukua fungu moja na vijiti vinne. Kufungua fungu ovyo kulikatazwa. Ilibidi mtoto asimame aseme, "Nafungua kumi moja, napata mamoja kumi," ndipo avute ule mpira.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwa amejibu swali lolote. Siku hiyo aliinua fungu, akaligeuza geuza, akasema polepole, "Hii ni moja. Lakini ni kumi."

Kogo alimpigia makofi kama mtu aliyeletewa habari ya harusi.

Baada ya hapo tulifundisha kwa kusaidiana mpaka alipostaafu. Mimi wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, baba akafanya kazi kiwanda cha chai, nikazaliwa na kukulia kwenye nyumba za kampuni. Kikipsigis changu hakikupita salamu na asante. Yeye alikuwa akinicheka kwa hilo, na mimi nikicheka naye.

Siku moja mume wake alinipigia simu. Kogo alikuwa amepatwa na kiharusi. Aliporudishwa nyumbani, huko Boito, nilipanda bodaboda nikaenda kumwona. Walikuwa wamemkalisha nje kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala tu. Alinitambua. Alinishika kwa ule wa kushoto, akalia, halafu akaanza kuongea, na sikuelewa hata neno moja. Kiswahili kilikuwa kimemtoka, Kiingereza pia. Kilichobaki ni Kikipsigis, tena cha kukatika katika.

"Na hesabu pia imeenda," mume wake akaniambia. "Jana nimemuuliza tuko na ng'ombe ngapi. Amesema moja. Na wako wanne, wamesimama mbele yake."

Nesi alikuwa amewashauri wamzoeshe mambo aliyoyapenda. Basi Jumamosi iliyofuata nilienda na vijiti vyangu vya shule, nikavipanga kwenye stuli mbele yake. Aliviangalia kwa muda mrefu. Kisha akavifagia vyote chini kwa mkono wa kushoto na kusema kitu kwa ukali. Nikamuuliza mumewe amesema nini. Mzee hakutaka kunitafsiria.

"Anasema hizo ni za watoto," akasema mwishowe.

Niliviokota kwenye nyasi nikiwa nimeinama zaidi ya nilivyohitaji, ili wasinione uso.

Nilirudi hata hivyo. Jikoni, mzee alinifundisha kuhesabu kwa lugha yao: agenge, aeng', somok, mpaka taman, ambayo ni kumi. Nikatoka nje, nikakaa karibu na Kogo, nikaanza kuhesabu vijiti vyangu mwenyewe bila kumwuliza lolote. Nilipofika nane nikatamka vibaya. Akanirekebisha. Nikakosea tena, akanirekebisha tena, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Kufundishwa hakutaka. Kunifundisha alikubali.

Tuliendelea hivyo Jumamosi nyingi. Mvua ilikuwa imeanza tulipofika taman ak ang'wan, kumi na nne. Alisogeza fungu moja upande wangu. Halafu, kwa shida, kijiti kimoja kimoja, akaweka vinne kando yake, akaniangalia kuona kama nimeelewa. Mzee aligeuka akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kiharusi cha pili kilikuja asubuhi, mzee akiwa amepeleka maziwa. Alirudi akamkuta. Mimi nilikuwa darasani simu ilipolia, na watoto walijua kabla sijasema.

Siku ya mazishi niliombwa nizungumze kwa niaba ya walimu. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno machache kwa Kikipsigis, mbele ya watu wake. Nilisalimia, wakaitikia wote pamoja, na sauti yangu ikaishia hapo. Mama mmoja wa kanisa alinishika kiuno akanirudisha kwenye kiti.

Nilipokuwa nikiaga, mzee alinisindikiza hadi barabarani.

"Mwalimu, Jumamosi bado utakuja?" akauliza. "Hata kama hakuna kazi."

Huwa naenda. Ananipa chai, tunakaa kibarazani. Mara nyingine ananirekebisha matamshi, lakini kwa upole, kama anayeogopa kuniudhi. Mara nyingi tunaangalia mvua ikija kutoka upande wa msitu, mpaka wakati wa kukamua ufike.