Dagaa kwenye Airisi ya Mama Mkwe

Chekeni tu, jamani, maana mimi mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa natazama chini.

Marehemu baba mkwe, huko Kalinzi kwenye baridi, alipanda mwenyewe airisi mbele ya nyumba yake (yale maua ya zambarau, majani kama panga). Siku ya msiba watu wakayakanyaga yote, kikapona kipande kimoja, mama mkwe akampa mke wangu: "Mzee akakae kwenu kidogo, mimi siwezi kumtazama." Tukapanda hapa kwetu Buzebazeba, mjini Kigoma, mwaka mzima majani tu, mpaka vikatokea vitumba viwili, mama akapigiwa simu, akasema Jumamosi anashuka kuviona vikifunguka.

Hapo mwenye akili si anakaa kimya? Vitumba vipo, vinafunguka vyenyewe! Lakini mimi na kiherehere changu (nafundisha kilimo, na hilo ndilo linaloniuma) nikaona viwili ni aibu kwa mkwe, nikaenda mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki, nikapewa dagaa walioharibika, Ijumaa jioni nikafukia ndoo nzima pale shinani, nikamwagia maji.

"Baba Neema, hiyo mbolea au mboga?" mke wangu akauliza.

"Mwalimu wa kilimo humu ndani ni nani?"

Asubuhi kelele, natoka mbio nimejifunga khanga ya mke wangu, nakuta paka wa mtaa mzima, bata wa jirani wanafukua, kunguru ukutani wanangoja zamu, na harufu, acheni tu. Vitumba vimelala matopeni. Paka mmoja jeuri ananitazama huku anatafuna, hasira zikanipanda, nikavua kandambili nikamrushia kwa nguvu zote, paka akainama (ana akili kunishinda), kandambili ikapita mpaka getini ikampiga kifuani mama mkwe, ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda.

Mkwe! Na mimi na khanga! Nikapiga magoti palepale juu ya dagaa.

"Shikamoo, mama."

Majirani wamejaa ukutani wanacheka mpaka wanashikana. Mama akanipita, akainama, akachambua matope kwa vidole mpaka akapata kipande cha shina kilichosalimika, akakipangusa, akakifunga kwenye pindo la kitenge. Hapo kicheko cha majirani sikukisikia tena, nilitamani ardhi inimeze.

"Marahaba, mwanangu," akasema mwishowe. "Mzee narudi naye nyumbani. Huku kwenu mnamlisha sana."

Hata chai hakunywa.

Tangu siku hiyo kila nikipiga simu Kalinzi ananiwahi yeye: "Mzee hajambo, hajala dagaa." Juzi kapiga mwenyewe, kitumba kimetoka, twende tukakione. Nitakwenda, nimevaa suruali na mkanda, nitasimama mbali, mikono mfukoni, na mtu asiniulize chochote kuhusu mbolea.