Vichupa Nilivyoogopa Kuvibeba

Mwaka ule nilibeba mimba yangu ya pili pamoja na vijidudu vya watu wengine. Nikisema hivi watu hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ndogo juu ya Karatu, miaka ya themanini ikianza, wakati kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi na vidonge vilikuja siku gari la Arusha likijaliwa kuja. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza, hadubini ya kioo cha kunasa mwanga wa jua, na dirisha lisilofunga vizuri. Umeme hatukuwa nao. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ulikaa mpaka saa nne, nami nikakaa nao, nimevaa sweta mbili, nikingoja jua litoke nianze kazi.

Mtafiti mmoja wa Dar es Salaam, mtu mpole wa kusema "tafadhali" hata kwa mbwa, alikuja kutafuta mizizi na magome ambayo kina mama wa kwetu waliyatumia kwa magonjwa ya ukeni. Alitaka kujua kama yanaua trikomona. Huyo ni kijidudu cha ugonjwa wa zinaa ambacho kwa mwanamke huleta muwasho na majimaji yenye harufu, na kwa mwanamume mara nyingi hukaa kimya kama mpangaji mwenye adabu. Kijidudu chenyewe hakisafirishiki, kinataka joto la mwili. Kwa hiyo mtafiti akaniachia vichupa, daftari na maelekezo, akarudi kwake, akaahidi kuja tena kabla ya mvua za vuli.

Kazi haikuwa ngumu. Mgonjwa akikubali, nilichukua majimaji yake kidogo nikayagawa kwenye vichupa vyenye maji ya chumvi na supu ya kulishia vijidudu. Nusu ya vichupa nilivitia maji ya mzizi, nusu nikaviacha bila dawa ili nilinganishe. Kesho yake natazama. Trikomona aliye hai hatulii hata kidogo, anatikisika na kujirusha kama mtoto aliyekatazwa kucheza kanisani. Anayecheza yu hai, asiyecheza nimwandike mfu. Ndivyo nilivyofundishwa.

Joto la mwili lilitoka wapi? Kwangu. Nilivifunga vichupa katika kitambaa, nikavizungushia kiunoni chini ya kanga, nikashinda navyo na kulala navyo. Mume wangu alisema siku kimoja kikipasuka anahamia kwa mama yake.

Mzizi uliosifiwa zaidi ulitoka kwa bibi mmoja wa kijiji cha Daa, mkunga na mjuzi wa mitishamba, ambaye sote tulimwita Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw. Alinichimbia mwenyewe, akanifungia katika jani la mgomba, kisha akanitazama tumbo.

"Wewe na mzigo huo, dawa hii usiibebe mwilini," aliniambia. "Kazi yake ni kusafisha. Haitauliza nani alikaribishwa na nani hakukaribishwa."

Nikamjibu, "Sawa, Aayo," kwa ile sauti ya kumridhisha mzee. Mimi nilikuwa nimebatizwa, nina cheti ukutani, na nilijua kabisa kwamba mzizi uliofungwa ndani ya kichupa hauwezi kupita kioo, nguo na ngozi ukamfikia mtoto. Nilijua. Jioni nilipotaka kuvifunga vichupa kiunoni, mkono ukakataa. Nikafunga vile visivyo na dawa peke yavyo. Vya mzizi nikavipanga katika sanduku la mbao, nikavifunika blanketi nzito, nikaviacha mezani. Blanketi ni blanketi, nikajiambia, na humo ndani watapata joto la kutosha.

Asubuhi, vya kiunoni vilikuwa vinacheza ngoma. Vya sandukuni, kimya kabisa. Nilirudia mara tatu, kwa wagonjwa watatu, na kila mara mzizi wa Aayo uliua wote. Nilifurahi mno. Niliona jina langu likiandikwa chini ya jina la mtafiti, kwa herufi ndogo, lakini likiandikwa.

Wakati huo alikuwapo mwanamke wa Kakesio, Mmaasai, mwenye umri kama wangu, aliyetembea hadi Endulen akapata lori la kumfikisha Karatu. Nilimpima mwenyewe na kumwona trikomona wake. Aliniambia wazi, maana kwetu husemwa mficha uchi hazai: mumewe amesema akirudi na ugonjwa ule, atamrudisha kwa baba yake, na watoto wawili watabaki. Vidonge vilikuwa vimekwisha. Alilala kwa shangazi yake karibu na mnada, akaja kila asubuhi kuuliza kama gari limefika, wiki ya kwanza, wiki ya pili.

Siku moja nikamhurumia, na huruma yangu ilikuwa na majivuno ndani yake. Nikamvuta pembeni. "Usingoje gari, dada. Mzizi huu unaua. Nimeona kwa macho yangu." Nikampa fungu zima na kumweleza namna ya kuuchemsha. Alinishika mikono yote miwili. Kesho yake akaondoka.

Siku chache baadaye niliugua mgongo, mkunga wa wodini akanikataza kufunga chochote kiunoni. Vichupa vyote, vya dawa na visivyo na dawa, vikalala sandukuni. Asubuhi natazama visivyo na dawa: kimya. Hakuna anayecheza. Nikavua miwani nikaifuta. Nikakishika kimoja kiganjani ili nikitikise, kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni. Nikaendelea kukishika huku nikifikiri, kisha nikachukua tone jingine kutoka humohumo. Mmoja akatikisika. Halafu wa pili. Halafu wote, wanajirusha kama jana.

Nilikaa chini. Kisha nikafanya nililoliogopa miezi yote: nikachukua kichupa cha mzizi, nikakifumbata kwa mikono miwili mpaka kikapata joto, nikatazama. Wafu wangu walikuwa wanafufuka.

Hawakuwahi kufa. Walikuwa wamesinzia kwa baridi ya Karatu, na mimi nikawaandikia vyeti vya kifo.

Nilikwenda Daa nikiwa na hasira, sijui na nani. Aayo alikuwa anapepeta mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Mimi nilisema inaua?"

"Wote wanasema..."

"Nakuuliza mimi. Mimi nilisema inatuliza muwasho, mtu apate usingizi, aweze kutembea mpaka kwenu hospitali. Kuua ni kazi yenu."

Ni kweli. Hakuwahi kusema. Wala mimi wala mtafiti hatukuwahi kumwuliza.

Mganga mkuu wa hospitali yetu alinifokea, nikastahili. Gari lilipofika aliniwekea vidonge vya watu wawili, mke na mume, maana ukimtibu mmoja ni kazi bure, akaniruhusu kupanda gari la kliniki ya watoto lililokuwa linapita Ngorongoro hadi Kakesio. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Barabara ile ilinilipiza kila kosa nililowahi kufanya maishani.

Nilimkuta yule mwanamke anakamua ng'ombe. Alikuwa amenenepa kidogo, amepaka udongo mwekundu, na aliponiona alicheka kwa furaha. "Dada! Nimepona. Hakuna muwasho tena. Baba watoto amenipokea." Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia polepole yote, sanduku, blanketi, baridi. Nikamwambia mzizi umetuliza tu, kijidudu bado kimo, na kwa mumewe huenda kimo pia.

Alimsukuma ndama aliyekuwa akimlamba kiwiko.

"Ungekuja na uongo mwingine, baba watoto angekunywa vidonge," alisema. "Umekuja na ukweli. Nitamnywesha vipi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Njia nzima nilikuwa nimefikiria dhamiri yangu. Nikamwambia, "Nipeleke kwake. Kosa ni langu, nitalisema mimi."

Mumewe alikuwa kijana mrefu aliyejua Kiswahili cha mnadani. Nilimsimulia kila kitu nikiwa nimesimama, na hata lile la Aayo na la mkono wangu kukataa. Nikasema mkewe hakudanganya, aliamini nilichomwambia. Alisikiliza akiegemea fimbo. Kisha akanyoosha kidole kwenye vidonge.

"Kunywa wewe kwanza, mama."

"Siwezi, baba. Nina mimba, na mimi si mgonjwa."

Akatikisa kichwa, wala hakuwa amekasirika. "Ile ya kwanza uliogopa kuibeba. Hii unaogopa kuimeza. Lakini mke wangu yeye ameze zote."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo, na machozi yalinitoka mbele ya watu. Ningeweza kumweleza habari ya kipimo na mimba na mgonjwa na asiye mgonjwa, na yote yangekuwa sahihi, na bado angekuwa ameniambia kweli.

Ni mke aliyesogea. Alichukua vidonge vyake kiganjani mwangu, akavimeza vyote kwa maziwa ya kibuyu, akafuta mdomo. Kisha akamnyooshea mumewe vilivyobaki, akasema neno moja la Kimaasai ambalo sikulielewa na sikuthubutu kuuliza. Walitazamana. Mume akapokea kibuyu.

Mtafiti aliporudi nilimpa daftari. Alitafuta jina la mzizi ukurasa wa kwanza, akakuta nimeandika habari ya sanduku, na ya mwanamke niliyemrudisha kwao na dawa isiyopimwa. Alisoma amesimama, akasoma tena ameketi. Aliniuliza, kwa upole wake ule, kwa nini nilikuwa nimeogopa. Nilimwambia kwamba nilikuwa na mtoto tumboni.

"Na yule wa Kakesio," akauliza, "ulimwuliza kama naye anaye?"

Sikuwa nimemwuliza.