Filimbi ya Kamanthe

Mwezi wa pili baada ya kuugua mkanda wa jeshi, vidonda vya Kamanthe, mama yake Ndeti, vilikuwa vimekauka, lakini moto ulibaki mbavuni. Hata blauzi ilimchoma. Mkono wa kulia haukupanda kupita bega, kwa hiyo filimbi aliyoipuliza kuongoza majembe ya mwethya, kundi la akina mama wa Ndithini waliolimiana mashamba kwa zamu, ikahamia shingoni mwa Wavinya. Naye aliipuliza kama anayefukuza kuku.

"Virusi vimeunguza mishipa ya fahamu," daktari Musili alimweleza Kamanthe. "Nitakupa vidonge tunavyowapa wenye huzuni nzito. Kwa kipimo kidogo hutuliza maumivu ya namna hii. Kimoja kila jioni, na uwe na subira."

Kosa la Kamanthe lilikuwa kumsimulia Wavinya. Kufikia Jumapili, kanisa zima lilijua Kamanthe anameza dawa za wazimu.

Wiki ya tatu ya vidonge alilala fofofo mpaka jua likamkuta kitandani. Akacheka peke yake. Akavaa blauzi, akacheka tena, akashika njia ya mwethya karibu akiruka. Wenzake walikuwa wakichimba upya matuta yaliyobomolewa na mvua za El Nino. Walipomwona anakuja akicheka, majembe yakasimama.

"Wazimu umeanza," Nduku akanong'ona, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Nimekuja kuchukua filimbi yangu," Kamanthe alisema.

Wavinya akarudi nyuma hatua mbili. "Pole pole, Mama Ndeti. Hebu tuambie kwanza, leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Na Alhamisi iliyopita tulilima kwa nani?"

"Kwa Mwikali. Lakini wewe hukuja. Ulisema uko na malaria, na mimi nikitoka kwa daktari nikakuona soko ya Ekalakala ukijaribu viatu vyekundu. Kimoja kilikataa kuingia."

Wote wakamgeukia Wavinya. Sheria ya mwethya kila mtu aliijua: anayekosa bila sababu hutoa jogoo.

"Huyu ana akili kutushinda sisi wote!" Nduku akapiga kelele. "Wavinya, jogoo!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Wavinya akavua filimbi. Kamanthe akainua mkono wa kulia, ukapita bega, ukapita sikio, akajivisha kamba mwenyewe. Alipopuliza, majembe yote yalipanda pamoja.

Kwenye tuta la pili Wavinya alimsogelea. "Mama Ndeti, hivyo vidonge ndivyo vinakukumbusha mambo hivyo?"

"Ng'o! Vinatuliza maumivu tu. Na huyo jogoo awe mwekundu, afanane na viatu."