Diktamo ya Manousos

Mimi na Garifalia baba zetu ni ndugu, na nyumba zetu zinagawana ukuta, kwa hiyo mambo ya kule nayajua kuliko ya kwangu. Mumewe, Manousos, ni fundi viatu. Ana miaka sabini na moja, goti bovu, na ubishi wa kutosha kijiji kizima.

Kila Julai hujifunga kamba, akateremka gengeni kuchuma diktamo, majani ya chai yenye harufu kali. Chini kule mbuzi wamemaliza kila kitu, wameacha miiba tu. Lakini kwenye nyufa za mwamba, ambako ulimi wa mbuzi haufiki, diktamo imejishikiza pamoja na maua ya kengele, udongo hamna, maji hamna, na majani yake madogo yana manyoya meupe.

Kwetu anayeposa hupeleka fungu la diktamo, na sharti litoke gengeni. Manousos alipeleka lake, akapewa mke. Basi si yaishe? Wapi! Miaka arobaini na minne bado anateremka, na ukimuuliza kwa nini, hasemi. Na Garifalia, ambaye genge lilelile lilimuua kaka yake Stratis, siku hiyo hatii kitu kinywani. Hukaa mlangoni mpaka amwone mumewe anarudi.

Mwaka huu daktari alimkataza Manousos kabisa. Asubuhi nikamkuta anakagua kamba.

"Shemeji, una wazimu? Unataka tukuzoe kwa koleo?"

"Nenda kakamue mbuzi wako!"

Garifalia akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Manousos, leo huendi."

"Naenda. Kuna deni sijalimaliza."

"La lile fungu la posa?"

Kamba ikamponyoka.

"Lilitoka bustanini kwa shangazi yako," Garifalia akasema. "Majani mapana, ya kijani, yamemwagiliwa kwa ndoo. Ulidhani mimi kipofu?"

Jamani! Hata mimi sikuwa nalijua hilo. Manousos akajikalia kizingitini, masikio yamemwiva.

"Ulijua? Na ukanikubali?"

"Stratis alikuwa ameanguka mwaka uliotangulia, fungu lake mkononi. Wakaja wawili na diktamo ya gengeni, nikawakataa. Ukaja wewe na majani yako ya ndoo, nikasema, huyu anaogopa kufa. Huyu nitazeeka naye."

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Nikuaibishe? Kila mwaka nilidhani ndio wa mwisho. Kumbe wewe!"

Mzee mzima akalia. Nami nikalia, ingawa nilikuwa na hasira nao wote wawili, kwa miaka yote ile ya kukaa mlangoni bure.

Jioni Manousos alikwenda bustanini kwa marehemu shangazi yake, akarudi anachechemea, ameshika fungu la majani mapana ya kijani. Akampa Garifalia kwa mikono miwili. Garifalia akayachemsha, akatumiminia vikombe vitatu. Chai yenyewe haikuwa na ladha hata kidogo. Tukainywa yote, na Garifalia akaomba mkate.