Theluji Aliyoifagia Mama Mkwe

Mume wangu alinionya nisimwache mama yake akae bure. Sikusikia. Mama mkwe alipofika kwetu Columbia Heights, Marekani, kutoka Kenya, katikati ya baridi, nilikuwa na masanduku ya udongo nyuma ya nyumba, yenye vijimea vya Aktiki, kule kwenye barafu ya kaskazini, visivyofika hata kwenye kifundo cha mguu. Baadhi niliyafagia theluji, mengine nikayarundikia. Baridi ikiisha ningepima majani kwa rula na kuona vijimea vya masanduku yapi vitatangulia kuchanua. Shahada yangu yote ilikuwa imelala humo.

"Umesoma miaka yote hii, na unapima majani ambayo hata mbuzi hashibi?" aliniuliza. Nilicheka kwa adabu. Moyoni nilinuna.

Jumamosi moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta uani, kavaa koti la mwanawe, koleo mkononi, anahema kwa furaha. Hakuna sanduku lililobaki na theluji.

"Uliacha kazi nusu, mama. Majirani wangesema nini? Nimekumalizia."

Kwetu mama mkwe hakaripiwi. Nilimtazama mume wangu dirishani, akafunga pazia. Nikasema asante kwa sauti tamu huku natamani kulia. Alipoingia kunywa chai, nikairudisha theluji mbio mbio kama mwizi. Kesho yake asubuhi nikamkuta keshafagia tena, na amekasirika.

"Theluji ya huku ina kiburi! Inaangukia masanduku yale yale tu!"

Hapo nikasalimu amri. Nilimweleza kwamba niliyoyafagia ni ya kulinganisha tu; kwa yale mengine, theluji ndiyo inayokinga vitumba visiungue na baridi. Vikifa, sina maua ya kulinganisha, na bila maua sihitimu. Aliinama akavitazama vijimea.

"Kwa hiyo nimewavua nguo watoto wako," akasema, akaingia ndani. Nilidhani nimemuudhi.

Alitoka na blanketi zito la kitandani kwake, akalifunika sanduku lililokuwa karibu na mlango, akilikunjia pembeni vizuri. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha tukachukua makoleo, tukayarudishia mengine theluji yao, na vitumba vingi viliokoka.

Sanduku lenye blanketi halikufaa tena kwa utafiti wowote, ikabidi nilitoe kwenye hesabu. Blanketi sikulitoa.