Mgonjwa wa Kanze Hajambo

Ukimkuta Kanze Mwinga ameangukiwa na gunia la mahindi mguuni, ukamuuliza hujambo, atakujibu sijambo. Kisha atakuuliza habari za nyumbani kwako, na watoto, na mbuzi, na kama mvua imenyesha huko utokako. Hayo yakiisha ndipo atakapokuomba, kwa upole, umwondolee gunia. Ndivyo alivyolelewa huko bara ya Kinango, na miaka thelathini ya kuolewa Kibuyuni haikumbadilisha. Pwani ilimwongezea tu shikamoo.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne. Alilima mwani pamoja na kina mama wenzake, na jua likipanda aliwapikia wageni wa kujitolea katika nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa na kikundi chao. Wageni wengi walikuwa vijana waliokuja na mabegi makubwa na kuondoka wamebabuka pua. Anton alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa fundi bomba mstaafu wa miaka sitini na mitatu, kutoka nchi iitwayo Slovenia ambayo Kanze hakuwahi kuisikia. Alikuja kwa nauli yake mwenyewe kuwafungia kina mama matangi na mabomba ya kuoshea mwani.

Wiki ya kwanza alikitia kijiji aibu. Mtu alimuuliza, "Hujambo, mzee?" naye akajibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba mgongo unamuuma na tumbo halikutulia. Waliomuuliza walibaki wamesimama, hawajui pa kuangalia. Kanze akamketisha jikoni.

"Mzee Anton," akamwambia, "hapa kwetu mtu akikuuliza, kwanza ni sijambo. Mengine hufuata baadaye."

"Na kama mimi mgonjwa?"

"Hata kama mgonjwa. Sijambo kwanza."

Akalishika somo lile kwa mikono miwili. Ole wake Kanze aliyelifundisha.

Jumapili alivaa sweta mchana wa jua kali. Kanze akamuuliza hali, akasema sijambo. Jumatatu hakumaliza sahani yake, akasema sijambo. Jumanne alifunga bomba moja tu kwa siku nzima, akikaa chini kila baada ya muda, na kila aliyepita akamjibu sijambo huku meno yakigongana. Kanze aliyaona yote hayo. Aliona, akamwekea chai ya tangawizi, na hakuuliza mara ya pili, kwa sababu kumuuliza mtu mara ya pili ni kama kumwambia kwamba amesema uongo. Jumatano asubuhi alimkuta ameanguka mlangoni pa choo, macho yamekuwa ya manjano.

Kibwana, jirani mwenye gari la Probox, aliwapeleka Diani kwenye hospitali ya binafsi. Njia nzima Kanze alikipakata kichwa cha mzee wa watu, akijilaumu. Malaria, wakaambiwa, na ilikwisha kumwingia sana. Kwenye mfuko wa pasipoti kulikuwa na kadi ya bima. Teresa, dada wa malipo, akapiga simu kwenye nambari iliyoandikwa pale, akapokewa vizuri, na Kanze akapumua.

Alasiri ile simu yake ikalia akiwa ameketi kando ya kitanda. Anton alikuwa macho, anamtazama.

"Madam, naitwa Mangi, napiga kutoka kwa watu wa bima, Nairobi. Uko kwa fomu yenye mgonjwa alijaza akilazwa, kama mtu wake wa karibu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Kanze akamwangalia Anton. Midomo ilikuwa imepasuka, na chini ya kitanda palikuwa na beseni la matapishi. Je, unamtangazia mtu ugonjwa wake huku anakusikia? Kwao ugonjwa hausemwi mbele ya mgonjwa. Kuusema ni kuuita ukae.

"Hajambo, baba," akajibu. "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Na anaongea?"

"Anaongea, baba. Hajambo kabisa."

Akamshukuru kwa kupiga, akamtakia kazi njema, akamwombea na wazazi wake uzima.

Alhamisi saa sita na nusu mchana, Daktari Luqman alimwita ukumbini. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema shikamoo na kungoja marahaba hata siku hiyo ambayo hakuwa na dakika ya kupoteza.

"Mama, figo zake zimesimama. Hapa hatuna mashine ya kusafisha damu. Mombasa wamenipa kitanda kimoja katika chumba cha mahututi, watanishikia mpaka saa kumi. Lakini wanataka barua ya dhamana ya bima, au laki tano mkononi."

"Si bima ipo, mwanangu?"

"Ipo. Ila wamekataa kuitoa barua." Akakuna kidevu. "Wanasema ripoti yangu inapingana na taarifa waliyo nayo. Kuna mtu wa karibu naye amewaambia mgonjwa anakula, anaongea, hajambo kabisa. Sasa wanashuku tunataka kuwakamua pesa. Wanasema watamtuma daktari wao kesho aje kuhakikisha."

"Na kesho..."

"Kesho ni mbali, mama."

Kanze akashika ukuta. Hakuna aliyekuwa amemshtaki, wala Luqman hakujua mtu huyo ni nani, na angeweza kunyamaza tu akarudi kuketi kwenye kiti chake.

Lakini haikuwa mara ya kwanza. Mumewe, Tembo, aliugua miezi minne. Shemeji zake walipiga simu kutoka Ramisi kila Ijumaa, na kila Ijumaa Kanze alisema hajambo, ana nafuu. Walikuja siku ya maziko. Mkubwa wao alisimama uani, machozi yakimtoka, akamuuliza mbele ya watu: "Shemeji, ng'ombe tulikuwa nao. Tungeuza. Mbona hukutuambia?" Swali hilo Kanze analo mpaka leo.

"Ni mimi," akamwambia Luqman. "Mimi ndiye niliyewaambia hajambo."

Daktari akamtazama. Alikuwa mtoto wa pwani, akaelewa papo hapo, na alivyoelewa vile ndivyo Kanze alivyozidi kuumia. Afadhali angemfokea.

Walimpigia Mangi. Simu ikapiga wimbo, ikakatika, ikapiga wimbo tena. Walipompata ilikuwa saa nane kasorobo.

"Madam, mimi nasoma tu yenye iko kwa faili," akasema Mangi. "Umesema anakula. Imerekodiwa. Siwezi kufuta."

"Basi rekodi nyingine, baba."

Ikasikika sauti ya Mangi akibofya kompyuta. "Sawa. Nipigie video. Nataka nimwone mgonjwa, na wewe useme mwenyewe, kwa mdomo wako, ukiwa hapo karibu na yeye. Daktari peke yake hawatamsikiza."

Kanze hakuwa na simu ya video. Luqman akampa yake. Wakaingia chumbani. Anton alikuwa amelala chali, uso umevimba, macho nusu wazi. Yalipomwona Kanze yalitulia kwake. Kanze akaomba moyoni asiwe anasikia. Alikuwa anasikia.

Alifungua kinywa na lililotaka kutoka ni lile lile. Hajambo. Lilikuwa limekwisha kumfika ulimini.

"Naitwa Kanze Mwinga," akasema. "Jana ulinipigia nikakwambia huyu hajambo. Sikukusudia kukudanganya. Ndivyo tunavyojibu. Huyu si mzima. Nilisema anakula; ulikuwa uji, vijiko viwili, akavitapika. Hajakojoa tangu jana asubuhi. Jana aliniita kwa jina langu, leo ananiita jina nisilolijua. Mwangalie miguu yake." Akaifunua shuka, akaigeuza simu. "Mkingoja kesho atakufa. Nimesema. Atakufa, na mtakuwa mmemuua kwa neno langu."

Anton alikuwa anamtazama. Neno kufa alilijua, kina mama walilitumia sana kila mwani ulipokufa kwa joto. Chozi moja lilimtoka kwenye kona ya jicho likashuka sikioni. Kanze alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kwa fomu," Mangi akasema polepole, "pale pa uhusiano ameandika dada. Wewe ni dadake?"

Kanze hakulijua hilo.

"Ndiyo," akasema. "Ni kaka yangu."

"Mamangu pia ako hivyo," Mangi akasema. "Ukimuuliza, ako tu sawa. Wacha nipeleke juu."

Saa nane na nusu hapakuwa na kitu. Saa tisa hapakuwa na kitu. Mwenyekiti wa kikundi akapiga kusema kina mama wamechanga elfu thelathini na moja, na walikuwa bado wanachanga. Kibwana alijitolea kuuza Probox, na mnunuzi hakuwepo. Saa tisa na nusu Luqman aliwapigia Mombasa kuomba nusu saa zaidi, wakamwambia kuna mgonjwa mwingine yuko mlangoni. Kanze alisimama mbele ya dirisha la Teresa. Saa kumi kasoro dakika nane Teresa akaigeuza kompyuta yake ili Kanze aione, ingawa ilikuwa Kiingereza kitupu.

"Barua imeingia, mama. Imeingia!"

Ambulansi ilipita njia ya Dongo Kundu, taa zinawaka. Kanze alikaa nyuma akiwa ameishika miguu ile iliyovimba, na safari nzima hakumwambia neno la kumpa moyo. Aliogopa kudanganya tena.

Siku sita mashine ilimfanyia kazi ya figo zake. Watu wa Kibuyuni walipiga simu kuulizia, na Kanze aliwajibu, "Hali ni mbaya. Mwombeeni." Wengine waliona haya, lakini waliomba, na wawili walikuja kutoa damu.

Siku ya tisa walimruhusu Kanze aingie bila barakoa. Anton alikuwa amekonda, ngozi imebaki kwenye mifupa, lakini macho yalikuwa meupe. Kanze akavuta kiti. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, yote yakampotea, na mdomo ukaenda wenyewe kule ulikozoea.

"Hujambo, kaka?"

Midomo iliyokauka ikajikusanya kwa taabu.

"Sijambo," akasema Anton.

"Koma!" Kanze akafoka, mpaka nesi akageuka. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na hakuyafuta. "Koma kabisa. Niambie ni wapi panapokuuma."

Akamshika mkono, akangoja ajibu.